Neema Inatosha Nini?

Huku Hewa Bora, mtaa wa Lubumbashi, tunatosha vitu mchana kutwa. Tunatosha viatu mlangoni, mihogo kwenye maji, makuta mfukoni. Mpiga picha anatosha foto, na wachungaji wa ibada za usiku wanatosha pepo. Kwetu kutosha ni kufanya kitu kitoke, kama vile kuangusha ni kufanya kianguke, kwa hiyo sarufi iko upande wetu. Kitu kikiwa cha kiasi, tunasema kinaenea.

Sasa fungua Biblia ya Union Version ya 1952, iliyoandikwa kwa Kiswahili cha pwani, Wakorintho wa Pili, mlango wa 12. Paulo ana mwiba mwilini. Anamwomba Bwana mara tatu umtoke, naye anajibiwa kwamba neema inamtosha. Mtu wa Dar es Salaam husikia: vumilia, ulichopewa ni kiasi chako. Mama mmoja katika mafundisho yangu alisikia kwamba ombi limekubaliwa. Akaniuliza, "Baba katekista, kama neema inatosha, mbona mwiba iko tu?"

Ningeweza kumpa maana ya pwani nikafunga kitabu. Nilisita, maana katika mji huu kuambiwa uridhike kuna historia yake. Desemba 1941, mji ungali ukiitwa Elisabethville, wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière waligoma wakidai nyongeza ya mshahara, na askari wakawafyatulia risasi. Walioshiba ndio walioamua kwamba posho inaenea.

Wala siwezi kumwahidi, kama wanavyoahidi wale wa ibada za usiku, kwamba kila mwiba utang'oka kabla ya alfajiri, matoleo yakitangulia. Tena hata kwa sikio la Lubumbashi, anayetoshwa katika aya ile ni mtu: neema inakutosha wewe. Mwiba haukutajwa.

Unatoshwa wapi? Hapo tulibishana mpaka mvua ikatufukuza. Mzee mmoja aliyefanya kazi ya reli alisema, "Unatoshwa mu haya. Ugonjwa inabaki, lakini hauogope tena watu." Jibu hilo nalipenda kuliko yote niliyosoma. Yule mama hakulikubali. Bado anaomba mwiba wenyewe utoke, nami simzuii: Paulo aliomba mara tatu, na hakuna mahali alipokemewa kwa kuomba.