Mpima Bangi na Amana ya Mizani

Limetufikia katika darasa letu swali la kijana mmoja wa mji wetu, aliyekwenda Marekani kusoma elimu ya kemia, na baada ya kuhitimu akapata kazi katika jimbo la Colorado. Kazi yenyewe ni kupima bangi. Hapandi, hauzi, wala havuti; huletewa majani, na mafuta yaliyokamuliwa humo, na peremende zilizotiwa mafuta hayo, akayapima kwa mitambo, kisha akaandika katika cheti kilichomo na kisichomo. Kwa mshahara huo humlisha mamake na kuwasomesha nduguze wawili. Auliza: je, chumo hili ni halali? Na mjomba wake aliyelileta swali akaongeza lake kwa hasira: hao wavuta bangi wana haki gani hata wapimiwe sumu?

Tutaanza na swali la mjomba, kwani ndilo wengi wetu tulilo nalo moyoni, ijapokuwa hatulisemi.

Hukumu ya bangi si jambo la kufunguliwa upya hapa. Wanavyuoni waliitazama tangu zamani. Ibn Taymiyya alisema juu yake maneno makali, na Imamu az-Zarkashi, katika karne ya nane ya Hijra, akaitungia risala ya peke yake kuthibitisha uharamu wake. Sheria ya Kenya nayo yaikataza, kwa kanuni ya mwaka 1994. Lakini huko aliko kijana wetu mambo ni mengine. Watu wa Colorado walipiga kura mwaka 2012 kuihalalisha, na maduka yakafunguliwa mwanzo wa mwaka 2014. California ikafuata kwa kura ya mwaka 2016 na maduka ya mwaka 2018, na katika Oktoba ya mwaka huo huo nchi nzima ya Kanada ikaingia katika njia hiyo. Na kila palipofunguliwa duka pamehitajiwa mpimaji, kwa kuwa serikali iliyoruhusu kitu kuuzwa hulazimika kujibu kitu hicho kina nini.

Basi kina nini? Mbangi ni mmea wenye tabia ya kunyonya kilichomo ardhini. Ukipandwa penye risasi, kadimi, zebaki au aseniki, hupandisha sumu hizo mpaka majanini. Mkulima naye hunyunyiza dawa za kuulia wadudu na ukungu, na katika dawa hizo iko moja iitwayo maiklobutanili, ambayo ikipata moto hutoa sumu ya sianidi. Dawa iliyoruhusiwa juu ya zabibu, kwa kuwa zabibu huliwa, yaweza kuwa ni kitu kingine kabisa ikichomwa na kuvutwa pafuni. Kisha yako maukungu yenyewe, na hasa jamii ya aspajilasi, ambayo mtu mzima mwenye nguvu huenda asidhurike nayo, bali mgonjwa aliyedhoofika kinga yaweza kumuua. Na mafuta yaliyokamuliwa kwa gesi ya butani hubakia na masazo ya gesi hiyo yasiposafishwa vyema. Haya yote kijana wetu huyatafuta. Huo ulevi wenyewe, uitwao kwa ufupi THC, hupimwa kwa mtambo wa kutenganisha vimiminika. Katika jani bichi ulevi huo hukaa kwa sura ya asidi isiyolevya mpaka ipate moto; ndiyo sababu mpimaji huzidisha ile asidi kwa 0.877 ndipo akajumlisha, kwani sehemu ya uzito wake huondoka kwa kuchomwa.

Sasa mjomba atasema: na wale sumu yao, wamejitakia wenyewe. Mwaka 2019 katika Marekani vijana wengi walianza kuingia hospitalini mapafu yao yameungua, hawapumui. Hata kufika Februari 2020 wagonjwa waliolazwa walikuwa 2,807, na waliokufa 68. Ilipochunguzwa, ikaonekana kuwa wengi wao walivuta mafuta ya bangi katika vile vikebe vya mvuke, nayo yalinunuliwa vichochoroni, yakiwa yametiwa asetati ya vitamini E ili yaonekane mazito na mazuri. Aliyewaua si bangi, ni mchanganyaji. Je, damu ya mvutaji imekuwa maji? Mwizi akivunjika mguu hutengenezwa mguu wake. Mlevi akianguka kisimani huopolewa, kisha ndipo akakaripiwa. Hatukupata kusoma katika kitabu chochote cha fiqhi kuwa maasi ya mtu humhalalishia mwenziwe kumtilia sumu, au kunyamaza huku yuajua imo. Kusema "wamejitakia" ni wepesi kwa sababu wao si wana wetu. Na hilo nalo si kweli siku zote. Aulize mjomba katika mtaa wake.

Tena sumu hazichagui. Katika vipimo vya bangi huko California hutafutwa aflatoksini, ile ile sumu ya ukungu iliyoingia katika mahindi ya Ukambani mwaka 2004, wakaugua watu 317 na wakafa 125, nao hawakuvuta chochote; walikula sima. Kanuni ya Kenya yaruhusu sehemu 10 tu katika kila bilioni. Na mfanyi biashara achanganyaye gunia bovu na magunia tisa mazuri ili kipimo kisimgundue, huenda yumo katika safu ya kwanza msikitini. Hatujasikia wajomba wakiulizia habari zake.

Hayo yatosha kwa mjomba. Swali la kijana ndilo gumu.

Kwanza na tuseme lililo zito upande wake. Katika hadithi mashuhuri ya watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya ulevi wametajwa mkamuaji na mkamuliwa, mchukuzi na mchukuliwa, muuzaji na mnunuzi, na wenziwao, mpimaji hakutajwa. Mzee mmoja katika darasa letu, naye ni mtu wa elimu, alisema hapana haja ya kutajwa, kwani mpimaji ni kama mchukuzi: bila ya cheti chake mzigo haufiki dukani. Mimi sikuafikiana naye moja kwa moja, lakini hoja yake siwezi kuitupa. Katika majimbo hayo, mzigo usio na cheti hauuzwi. Kwa hivyo kalamu ya kijana wetu huzuia na hufungua vile vile, na asijidanganye kuwa kazi yake ni kuzuia tu.

Upande wa pili, tulikuwa nao katika miji ya Kiislamu mtu aliyeitwa muhtasibu. Huyo alizunguka sokoni akipima mizani na vibaba, akitazama maziwa yametiwa maji au hayakutiwa, na dawa za attari ni zenyewe au zimeghushiwa. Ash-Shayzari, katika karne ya kumi na mbili ya Miladi, aliandika kitabu kizima cha kumfundisha muhtasibu hila za wauzaji, namna ya kuzitambua. Mtu akisoma milango yake juu ya dawa na sharubati atastaajabu: ni kazi ya maabara, isipokuwa mitambo. Kijana wetu ni mrithi wa elimu ile, ajapokuwa yumo katika soko tusilolipenda.

Lakini liko jambo moja muhtasibu alikuwa nalo na kijana wetu hana. Al-Mawardi ataja kuwa mwenye kazi ya hisba aweza kupewa riziki yake katika Baitul-Mali. Hakupewa na muuza maziwa. Huko Colorado na California alipwaye ni maabara ya mtu binafsi, na alipaye ni yule yule mwenye bangi. Akipata jibu lisilompendeza, kesho apeleka sampuli zake kwa jirani. Na kwa kuwa bei ya bangi hupanda kwa kadiri ya ulevi wake, kila mwenye mali ataka tarakimu kubwa, na maabara izitoayo hizo tarakimu kubwa ndiyo ipatayo wateja. Pengine mkulima mwenyewe ndiye huruhusiwa kuchagua sampuli, na nani asiyejua atachagua kikonyo kipi?

Matunda yake yameonekana. Mwaka 2023 wataalamu walichapisha uchunguzi wa sampuli 23 zilizonunuliwa katika maduka 10 ya Colorado: takriban asilimia 70 zilipungua kwa zaidi ya asilimia 15 chini ya kiasi kidogo kabisa kilichoandikwa juu yake. Na mwaka 2024 gazeti la Los Angeles Times likatangaza kuwa katika bidhaa 42 zilizonunuliwa katika maduka ya halali ya California na kupimwa upya, 25 zilikuwa na dawa za wadudu kupita viwango, ama vya jimbo lenyewe ama vile serikali kuu iwekavyo kwa tumbaku. Zote zilikuwa na vyeti. Mtu mgonjwa alikiona cheti, akaamini, akavuta. Hapo yuko aliyeandika "hakuna" naye yuajua iko, au hakutazama ili asijue. Kwangu mimi huyo ni mbaya kuliko muuzaji wa kichochoroni, kwani wa kichochoroni hakumwambia mtu amwamini.

Nilidhani kwanza kuwa twaweza kuigawa kazi hii mafungu mawili: kutafuta sumu, ambako ni kuzuia madhara, na kupima nguvu ya ulevi, ambako ni kumsaidia muuzaji kupanga bei. Kijana akatujibu kwa barua nyingine, kwa adabu njema, kuwa hata hilo la pili si jepesi hivyo. Zile peremende, asema, sheria yao yataka kila moja isizidi miligramu 10 za THC, na mtoto akiokota iliyotiwa mara tano atalala hospitalini. Amesema kweli. Tena yako matumizi ya dawa halisi: mwaka 2018 idara ya madawa ya Marekani iliikubali Epidiolex, dawa itolewayo katika mmea huu huu kwa watoto wenye kifafa kikali, nayo hailevyi. Hapo kosa la kipimo ni kosa juu ya mtoto mgonjwa, na mpimaji wake hana lawama yoyote.

Kwa hivyo rai yangu ni kuwa chumo la kijana huyu lina shubha, wala sisemi ni haramu iliyo wazi. Atafute njia ya kutoka. Mtambo apimiao risasi katika bangi ndio upimao risasi katika maji ya kunywa, na ukungu wa jani ni ukungu wa njugu. Maabara za chakula na dawa haziko mbali na ujuzi wake. Wala asiikimbie kazi leo kwa leo akamwacha mamake hana kitu, kisha nduguze wakaondoshwa shuleni, kwani hilo nalo lina masuala yake mbele ya Mungu. Lakini siku atakapoambiwa apandishe tarakimu, au arudie kipimo mpaka kitoke kizuri na vile vibaya avisahau, siku hiyo shubha imekwisha na haramu imedhihiri; na atoke kabla ya magharibi, hata akitoka mikono mitupu.

Ama mishahara aliyokwisha kuipokea na kuileta nyumbani, hatumwambii aitoe, maadamu hakuandika uongo ndani yake. Na mamake ale bila ya dhiki.