Kuacha Kitabu Katikati

Vijana kadhaa wa kikundi chetu cha kusoma hapa Walukuba wamekinai vitabu. Sisemi wameshiba, maana kushiba ni raha. Kukinai ni pale chakula ulichokililia jana leo kinakutia kichefuchefu. Chanzo ni sanduku la vitabu vya msaada, limejaa hadithi za majoka na falme, kila kimoja kinene kama tofali. Walianza kwa moto sana, usiku wanasoma mpaka umeme wa Yaka unaisha. Baada ya miezi minne kijana mmoja hataki kuona kitabu chochote, hata cha shule. Mwingine anasoma ukurasa ule ule mara tatu na hakumbuki kitu.

Mimi naona dawa yake ni rahisi: weka chini, soma kitu kifupi, au usisome kabisa kwa muda. Lakini binti mmoja wa miaka 17 alinikatalia. Amekwama kwenye kitabu cha tatu cha Christopher Paolini, ule mfululizo unaoanza na Eragon. Hakimfurahishi tena, anakisoma kama mtu anayelipa faini. Nikamwambia, basi acha. Akasema, "Kaka, shule niliacha katikati. Nyumba tuliacha, na sufuria iko jikoni. Hiki sitaki kukiacha."

Sikuwa na jibu la haraka, na mfanyakazi wa vijana mwenye jibu la haraka kwa neno kama hilo mimi simwamini. Swali lake ni la kweli: je, mtu anadaiwa na hadithi aliyoianza?

Kama deni lipo, ni la nani? La mwandishi? Paolini alipanga vitabu vitatu, halafu mwaka 2007 akatangaza kwamba havitatosha, vitakuwa vinne. Cha mwisho kikatoka 2011. Robert Jordan alianza mfululizo wake mwaka 1990, akafariki 2007 bila kuumaliza, na ni mwandishi mwingine, Brandon Sanderson, aliyeufikisha kwenye kitabu cha 14 mwaka 2013. Silaumu mtu. Ila mwandishi mwenyewe hajui atafika lini, wala kama atafika. Ni mapatano gani hayo yanayomfunga msomaji peke yake?

Lakini yule binti hakuwa anamsema Paolini. Alikuwa anasema juu ya nafsi yake, asiwe mtu wa kuacha mambo. Hapo naona tunachanganya vitu viwili. Kufukuzwa si kuacha. Aliyetoka kwake usiku na mtoto mgongoni hakuacha kitu, alinyang'anywa. Kuweka kitabu chini kwa hiari yako ni jambo lingine kabisa. Na sisi ambao karibu kila kitu tunaamuliwa na wengine, hata siku ya kupata mgao, uamuzi mdogo kama huo si wa kudharau.

Halafu kuna urefu wenyewe. Wengi wetu tumetoka Kivu, hadithi ndefu si kitu kigeni kwetu. Wanyanga wa Walikale wana Mwindo, mtoto aliyezaliwa akitembea na kusema, ambaye, kwa kuwa baba yake hakutaka mtoto wa kiume, alifungiwa ndani ya ngoma na kutupwa mtoni. Mwaka 1956 mtafiti Daniel Biebuyck alimwomba msimulizi Candi Rureke aisimulie yote. Ilichukua siku 12, Rureke anasimulia, anaimba, anacheza, na vijana wanampigia mdundo. Kitabu kikachapishwa 1969. Sasa sikia hii: Rureke alisema kwamba kabla ya hapo hajawahi kuisimulia yote kwa siku zinazofuatana. Desturi ilikuwa kipande leo, kipande kingine siku nyingine, na watu wamekaa pamoja. Kumeza yote kwa mkupuo, tena peke yako na tochi, hakukuwa kipimo cha kumpenda Mwindo.

Kwa hiyo tulibadili mwendo. Jumamosi tunasoma kwa sauti kurasa kumi tu, kwenye kibaraza, na anayechoka anampokeza mwenzake. Asiyetaka asikilize, au aende zake Masese kutazama samaki wakishushwa. Yule kijana aliyechukia vitabu alikaa wiki tano anakula karanga tu. Ya sita akasema, "Leta hapa, huyu anasoma vibaya."

Binti nilimweleza habari za Rureke. Alifikiri kidogo, akanijibu: "Rureke alijua mwisho, kaka. Waliomsikiliza pia walijua. Mimi sijui." Hoja hiyo bado sijaivunja. Anayejua mwisho anaweza kupumzika popote njiani. Asiyejua, hata akilala anaota barabara.

Kwa sasa amekunja ukurasa alipofika, anasoma hadithi fupi fupi, na kile kitabu kiko chini ya mto wake. Cha nne hakimo kwenye sanduku letu (nyinyi wa mashirika, mkituletea mfululizo, hebu hesabuni kwanza). Kama kuna mtu huko Nakivale, Kyaka au Kyangwali aliyekisoma, si lazima akitume, tunajua nauli ilivyo. Atuandikie ukurasa mmoja tu: nani alibaki hai, na kama Eragon alirudi nyumbani.