Vikombe vya Bibi Vitoke Kabatini

Tongoni, kiasi cha kilomita 20 kusini mwa Tanga mjini, makaburi ya kale yana vishimo vya duara vilivyopachikwa mabakuli ya kauri kutoka Uchina. Mabakuli hayo yaling'olewa zamani. Waswahili waliithamini kauri hata wakampambia marehemu, na majumbani wakaipanga kwenye vidaka vya ukutani.

Heshima hiyo ingalipo. Tanga na Pangani, kabati nyingi zina vikombe vya bibi vyenye ukingo wa dhahabu, vikimsubiri mgeni rasmi asiyefika.

Chai nayo ni ya jirani. Huko Amani, Usambara Mashariki, Wajerumani walifungua kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902, na milima hiyo ikapandwa chai. Buli na vikombe vya zamani visuuzwe kwanza kwa maji ya vuguvugu, maana kauri baridi ikimiminiwa chai inayochemka huweza kupasuka. Kikombe chenye nyufa kibaki pambo, kwani rangi za kale huweza kuwa na madini ya risasi.

Iliki ipo, vitumbua na kaimati vipo. Msikilizaji, waalike marafiki mchana wa leo, uwanyweshe kwa vikombe vya bibi.