Jani lisilodaiwa

Kibao cha kusukumia chapati kilitafutwa nyumbani kwetu siku mbili nzima, kikaja kuonekana barazani kwangu, kimelowa na kinanuka tumbaku. Mama watoto hakugomba. Alikitazama, akanitazama mimi, akasema, "Hicho sasa chako. Nitafutie kingine." Hivyo ndivyo nilivyopata meza ya kazi.

Huu mwaka wa tatu nasokota sigaa nyumbani. Si msokoto wa karatasi. Nasema ile sigara nene ya majani matupu, ndani majani na nje majani, ambayo wengi wetu tunaijua kwa picha za Churchill na Fidel Castro. Nasokota Jumamosi jioni, na siku umeme ukikatika nasokota mchana. Siuzi hata moja.

Huko kutouza ndiko kwenye kesi. Jirani yangu, kijana mchapakazi ninayempenda, alinikuta siku moja nimepanga sigaa sita kwenye kitambaa, akachuchumaa, akaishika moja kama anashika yai. "Mzee, hii fursa." Kabla chai haijapoa alikwishanipatia jina la bidhaa, boksi lenye nembo ya twiga, na hoteli za Zanzibar zitakazonunua. Siku hizi ukionekana unafanya jambo kwa mikono yako na huliuzi, watu wanakuonea huruma, kana kwamba umeokota hela ukazirudisha chini. Sikuweza kumjibu. Jibu langu liko mbali, liko Urambo, na lingehitaji chai ya pili.

Nimezaliwa kwenye tumbaku. Waingereza walikuja Urambo mwishoni mwa miaka ya 1940 kulima karanga, wakamwaga mamilioni ya pauni, ardhi na mvua vikawashinda, na mwaka 1951 mpango wenyewe ukavunjwa. Tumbaku ndiyo iliyokuja kushika nafasi. Mpaka mimi napata akili, ada ya shule ilikuwa tumbaku, bati la nyumba lilikuwa tumbaku, na ugomvi wa baba na mama ulikuwa tumbaku.

Tulichuma alfajiri, majani ya chini kwanza, umande haujakauka. Ikifika saa nne natapika. Wakubwa walisema njaa, wengine wakasema uvivu. Nimekuja kujua ukubwani kwamba nikotini huyeyuka kwenye ule umande na kupenya ngozi, kwa hiyo mtoto anayebeba mzigo wa majani mabichi kifuani anavuta tumbaku bila moto wala moshi. Baba alilala kwenye bani, banda la kukaushia, karibu wiki nzima kwa kila mkupuo, akilisha tanuri magogo: kwanza moto mdogo jani liive manjano, halafu mkubwa likauke, halafu mkubwa zaidi mpaka mshipa wa katikati uvunjike kama kijiti. Msitu uliokuwa nyuma ya nyumba yetu wote uliingia humo. Ufito mmoja ukidondoka juu ya bomba la moto, bani linateketea, deni linabaki.

Maana lilikuwepo deni daima. Mbolea ya mkopo, dawa ya mkopo, nyuzi za kufungia za mkopo. Siku ya soko mteuzi anachomoa jani kwenye robota, analisugua, analinusa, anataja daraja, na baba amesimama kofia mkononi kama mshtakiwa. Baba alikuwa mvutaji. Alivuta makombo ya sakafuni, yale yaliyobaki baada ya kuchambua, ameyasokota kwenye kipande cha gazeti. Jani zuri hakulitia mdomoni hata siku moja, kwa sababu halikuwa lake. Lilikuwa la chama cha ushirika, la mbolea, la dawa. Likishagawanywa hivyo, kilichodondoka ndicho tulichokula.

Aliyenifundisha kusokota ni rafiki yangu aliyesoma Cuba miaka ya 1980 na kuzoeana na familia moja ya Pinar del Río, mkoa wenye mashamba ya majani yanayosifiwa kuliko mengine yote kwa sigaa. Ana hadithi nyingi, na anayoipenda zaidi ni ya mwaka 1492, pale Columbus alipotuma watu wawili waingie bara kumtafuta mfalme wa nchi. Mmoja wao, Luis de Torres, alichukuliwa safarini kama mkalimani kwa kuwa alijua Kiarabu, maana waliamini wanakwenda Asia. Mtu amevuka bahari na Kiarabu chake, akawakuta watu wa Cuba wanafukiza majani yaliyoviringishwa na kuvuta moshi wake. Sijui alianza na salamu gani.

Somo la kwanza lilinivunja moyo: ujuzi wangu wote wa Urambo haukufaa kitu. Tumbaku yetu ya mvuke hukaushwa kwa moto haraka, ikiwa bado ya njano na imeshiba sukari. Moshi wake mwepesi, wa kushusha mapafuni, ndiyo maana inakwenda kwenye sigara. Jani la sigaa hukaushwa na hewa kivulini kwa majuma mengi, halafu hurundikwa lichachuke kwa joto lake lenyewe, na rundo hupinduliwa lisijiunguze. Wakati huo linatoa harufu kali ya choo cha mkojo, jambo ambalo kwenye picha za Churchill halionekani. Sigaa yangu ya kwanza niliisokota kwa jani la nyumbani, na ulimi wangu uliwaka siku mbili. Sasa natumia majani meusi ya kukaushwa kwa hewa anayonigawia rafiki yangu, na kidogo tu ya tumbaku ya moshi ya Namtumbo.

Jani kavu hupasuka kama gazeti la mwaka jana. Unalinyunyizia maji, unalifunga kwenye mfuko usiku kucha, na asubuhi unalikuta limelainika kama ndewe ya sikio. Ule mshipa wa kati unaukamata nchani na kuuvuta taratibu, unatoka kama uzi kwenye pindo, unabaki na nusu mbili. Nusu ya kushoto na nusu ya kulia haziviringishwi upande mmoja. Kila moja ina mwelekeo wake, ili mishipa midogo ilale vizuri. Ukizichanganya, sigaa inatoka mbavu.

Ya ndani ndiyo kazi. Majani ya chini ya mmea huwaka upesi, ya katikati yana harufu, ya juu yamepigwa na jua mpaka yakawa manene, makali, na huwaka kwa kubembelezwa. Hayo makali unayaweka katikati, mepesi yayazunguke. Unayakunja moja moja kama marinda ya sketi, hewa ipate njia kati ya rinda na rinda, unayafunga kwa jani gumu, halafu unayabana. Wenzetu wana vibanio vya mbao. Mimi nina bomba la maji la robo tatu inchi, nimelipasua kwa urefu na kulifunga kwa mpira wa baiskeli. Baada ya saa moja unaigeuza, unabana tena. Mwisho ni jani la nje, lile la sura, unalikata kwa kisu cha nusu mwezi ambacho Wacuba wanakiita chaveta. Changu ni cha fundi viatu. Gundi ni uji wa muhogo, tone moja pale kichwani.

Kumi na moja za kwanza hazikuvutika. Unavuta mpaka mashavu yanaingia ndani, moshi hakuna. Rafiki yangu aliipasua moja kwa kisu, akacheka. "Wewe unafunga robota." Alikuwa amesema kweli kuliko alivyojua. Mikono yangu ilikuwa na elimu moja tu juu ya tumbaku: shindilia, kila kilo ni hela. Ilinichukua karibu mwaka mzima kuizoesha kuacha nafasi.

Halafu wakaja wadudu. Kuna kijidudu cha rangi ya kahawia, hata punje ya mchele ni kubwa kwake, kinachotoboa sigaa na kuacha tundu kama la sindano. Dawa yake ni baridi kali, siku kadhaa kwenye friza. Niliziweka zilizobaki kwenye mfuko mweusi, nikasahau kusema. Mama watoto alizitoa pamoja na vibua, akaziacha ziyeyuke pamoja na vibua. Rafiki yangu alivuta moja kwa adabu, akaniuliza kama nilikuwa nimebadilisha gundi.

Tuna binti muuguzi. Huyo simuwezi. Ananiambia sigaa moja kubwa inaweza kubeba tumbaku ya pakiti nzima ya sigara, na kwamba kutoshusha moshi mapafuni hakuokoi ulimi wala koo, wala hakuzuii nikotini, maana nikotini ya sigaa hupita kwenye kuta za kinywa. Yote ni kweli na sina utetezi. Nawasha moja kwa mwezi, nusu, kuona kama inavuta na kama majivu yanashika. Nyingine zinakaa kwenye sanduku la mninga. Angekuwa yeye ndiye anayeanza, kibao ningemnyang'anya.

"Basi suka ukili," aliniambia. Nimefikiri sana juu ya hilo. Lakini ukili haukunitapisha utotoni. Sina haja ya kuridhiana na ukili.

Kitu kimoja cha Cuba nimekiiga. Tangu mwaka 1865 kwenye viwanda vya Habana amekuwepo msomaji, anayekaa mahali pa juu na kuwasomea wasokotaji magazeti na riwaya wakati mikono yao inafanya kazi. Zamani wasokotaji wenyewe ndio waliomlipa, kutoka kwenye ujira wao. Sigaa ya Montecristo imepata jina kwenye riwaya ya Alexandre Dumas waliyokuwa wanasomewa. Kwetu msomaji ni mama watoto. Anakaa mlangoni, upande upepo unakotoka, miwani puani, ananisomea gazeti: tanzia kwanza, halafu barua za wasomaji, halafu siasa kama muda upo. Hapendi tumbaku. Lakini naona Jumamosi nikichelewa kukaa, anauliza kama leo hakuna kazi.

Mwezi uliopita mdogo wangu alikuja kutoka Urambo kwa matibabu ya macho. Yeye bado analima, na bado anadaiwa. Nilimwonyesha sanduku kwa aibu kidogo, kama mtu anayeonyesha mchezo wake mbele ya mwenye kazi yenyewe. Alichagua moja, akaisogeza karibu na jicho zima, akaigeuza kwenye mwanga. Akaipeleka sikioni, akaibinya kwa vidole viwili, akasikiliza. Baba alikuwa akifanya hivyohivyo. Kisha akainusa, polepole, na nilijikuta nimesimama, mikono nyuma.

"Umelipia nini hapa?" akauliza.

"Hakuna. Nimegawiwa majani."

"Mbolea?"

"Sijui. Sikulima mimi."

Alinyamaza kidogo, akaibinya tena.

"Ina maji bado," akasema. "Sokoni hii ingerudishwa." Akaiweka kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo.