Kuingia Msonge na Kutoka

Marangu, mlimani Kilimanjaro, kuna makumbusho ya Wachaga ambako mgeni huinama kupita mlango mfupi wa msonge, akaonyeshwa upande wa ng'ombe na mbuzi, mafiga, na dari iliyopiga weusi wa moshi. Huonja pombe ya mbege, akashuka katika mahandaki yaliyochimbwa ili watu wajifiche wakati wa vita, kisha huambiwa ameishi maisha ya mababu. Ameyaishi kweli? Nasema hapana, na kosa si la vifaa. Nyasi za paa zaweza kuwa zilezile, na ulezi wa mbege uleule (ingawa mbege, tukubali, hunoga zaidi ukijua huna ng'ombe wa kukatia majani jioni). Kinachokosekana ni kufungwa. Aliyejificha handakini hakujua kama atatoka. Mgeni anajua gari linamsubiri. Giza ni lilelile, lakini hofu yake haikatiwi tiketi.

Atatokea wa kunipinga: mbona dini zenyewe zinarudia matendo ya kale? Hujaji huenda mara saba kati ya Safa na Marwa kama Bi Hajar alivyohangaika kumtafutia mwanawe maji. Mkristo humega mkate wa jioni moja ya zamani. Hakuna anayewaita watalii. Pingamizi hili ni zito, na ndilo linalotuonyesha mpaka ulipo. Hujaji hakwenda kuonja maisha ya Hajar. Kaitwa na Mungu yuleyule, na akirudi nyumbani ibada hiyo bado inamdai. Tendo la kale huwa hai pale linapomfunga anayelitenda. Tazama isale, jani la Wachaga la kuombea msamaha: likioteshwa kando ya njia ya wageni ni jani kama majani mengine, lakini mkosaji akimpelekea jirani aliyemkosea, kulikataa ni jambo zito kwa Mchaga. Ndivyo ulivyo pia mfongo, mfereji wa kale unaoteremsha maji ya mlima hadi vihambani, mashamba ya nyumbani. Ukiziba, wenye zamu hushuka na majembe, na kwa mila asiyefika hutozwa. Huyo aliyezama topeni hadi magotini, akinung'unika, anaishi historia kuliko mgeni yeyote aliyevaa lubega apigwe picha.

Basi makumbusho yafungwe? La. Mtoto aliyezaliwa Dar es Salaam akapandishwa mlimani kila Krismasi hawezi kulipa deni asilolijua, na msonge humjulisha. Lipo na deni jingine: Mangi Meli, mtawala wa Wachaga, alinyongwa na Wajerumani Old Moshi tarehe 2 Machi 1900. Wazao wake wamehangaika miaka mingi kutafuta kichwa chake, kinachosemekana kupelekwa Ujerumani. Habari hiyo haiigizwi. Inasimuliwa, na aliyeisikia hawezi tena kusema haimhusu. Kwa hiyo waongozaji wa Marangu, ziara ikiisha msiwaachie watoto wetu waende zao. Wapelekeni mfongo ulipoziba, muwape jembe.