Mti Ambao Sikuukata

Je, mtu anaweza kuua kitu ambacho hakukigusa? Kwa miaka mingi ningejibu hapana. Leo, nikiwa nimepita miaka sabini, sina hakika tena, na aliyeniondolea hakika hiyo ni mtoto.

Amani ni msitu wa milimani katika Usambara ya Mashariki, juu ya Muheza. Wajerumani walianzisha bustani ya mimea pale mwaka 1902, na tangu 1997 msitu wenyewe ni hifadhi ya mazingira asilia. Watu hupita lango la Zigi, hulipa kiingilio, hupanda vilima kwa miguu, hutazama vinyonga, ndege na vipepeo, kisha hurudi mikono mitupu na nyuso za furaha. Enzi zetu mtu aliyeingia msituni bila panga wala kamba ya kuni tungemwuliza kama ni mzima.

Mjukuu wangu alikuja likizo kutoka Dar es Salaam akataka tukatembee huko. Tukapewa kijana wa kutuongoza. Baada ya mwendo wa saa moja tulifika mahali penye miti mikubwa mno, ambayo watu watatu hawawezi kuikumbatia. Chini yake palikuwa na vijiti vyembamba vya rika moja. Mtoto akatazama juu, akatazama chini, akauliza:

"Babu, hii ya katikati iko wapi?"

Kijana akajibu kwa upole, "Hapa zamani palilimwa iliki."

Mimi nikanyamaza. Shamba lile halikuwa langu, lakini langu lilifanana nalo kabisa.

Katika miaka ya 1980 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi huko milimani. Nilikuwa na watoto watano, na mshahara haukufika tarehe kumi na tano. Nikalima iliki kama majirani zangu. Iliki hupenda kivuli, kwa hiyo miti mikubwa niliiacha isimame. Nilichofyeka kila mwaka ni magugu, au ndivyo nilivyoyaita. Ndani ya magugu hayo ilikuwamo miche ya miti ileile iliyonipa kivuli. Katika mikutano ya kijiji nilisimama nikawakaripia wapasua mbao, nikajisifu kwamba mimi sijakata hata mti mmoja. Nilisema kweli, na kweli yangu ilikuwa ya uongo.

Nisieleweke vibaya. Iliki ilisomesha wanangu, na mmoja wao ndiye mama wa mtoto huyu. Katika miaka ya 2000 wakulima wa iliki wa Derema waliondolewa mashambani mwao wakalipwa fidia, na wengi walilalamika kwamba haikulingana na walichopoteza. Wapo wanaowaita maadui wa msitu. Mimi siwezi kuwaita hivyo. Walifanya nilichofanya, ila mimi niliwahi kufaidika kabla mlango haujafungwa. Kumwambia mama mwenye watoto wa kulisha kwamba kichaka chake kinatakiwa na watu wa kutembea ni jambo zito, na anayelisema lazima amtazame usoni.

Lakini shida yangu ilinipa sababu ya kulima. Haikunipa ruhusa ya kujisifu. Mti mkubwa una watetezi, kwa kuwa unaonekana. Mche hauna wa kuusemea. Mto Zigi unaonywesha mji wa Tanga hutoka katika milima hii, na mtoto wa Tanga ambaye hajazaliwa hakuwa na kiti katika mikutano yetu ya kijiji.

Nilipotafakari zaidi nikaona kwamba hata shuleni nilikuwa na desturi hiyohiyo. Darasa la saba niliwapa walimu wazoefu peke yao, mwaka hata mwaka, na vijana niliwaweka pembeni wasiniharibie matokeo. Watu wakaisifu shule. Wale wazoefu walipostaafu kwa kufuatana, pakawa na pengo kama lile aliloliona mjukuu wangu.

Palepale njiani nikamweleza mtoto kila kitu, kijana akisikiliza. Nilidhani atanilaumu. Akauliza tu, "Sasa hii midogo itachukua muda gani kuwa mikubwa?"

Kijana akasema, "Mimi na wewe hatutaiona, lakini itakua."

Basi, ndugu msomaji, mtu akijisifu mbele yako kwa vile alivyoviacha vimesimama, awe baba, mwalimu au kiongozi, usibishane naye. Mwombe akuonyeshe kinachoota chini yake. Mimi nilichelewa kuulizwa swali hilo, nikaulizwa na mtoto wa miaka kumi.