Samaki wa Sabuni

Mjukuu wangu alizaliwa haoni. Mwaka huu katimiza miaka saba, na kabla ya Ramadhani alinitaka nimnunulie vitu vya kuchorea, kwa sababu binamu zake wanavyo. Nikaenda Darajani. Muuza duka akanifunulia boksi la rangi nione zilivyokoza, nami nikalinunua, nadhani kwa kuona haya kueleza. Mtoto akazinusa, akalamba moja, kisha akazirudisha bokseni kazipanga kwa urefu.

Basi nikaanza kuokoteza mwenyewe. Kwa fundi cherehani wa jirani nilipata vipande vya mahameli na vya kitambaa cha kanzu. Nikaongeza usumba wa nazi, ukili, kauri, karafuu za kunusa. Katika karakana yangu hakukosekani msasa, laini na wa kukwaruza, maana mimi ni fundi wa nakshi na milango nimeichonga miaka arobaini. Mwisho nikaagizia udongo wa mfinyanzi.

Udongo ndio uliozua neno. Mtoto alitaka kufinyanga ng'ombe. Kaka yangu, anayesomesha chuoni, akaniambia tuache: chenye roho hakifanyiwi sanamu. Simdharau. Hadithi anazozishika zimo kwa Bukhari na Muslim, na mimi mwenyewe maisha yangu yote nimechonga minyororo, mayungiyungi na mitende, viumbe nimewaacha. Ila nilimkumbusha wanasesere wa Bi Aisha. Katika mapokezi ya Abu Daud, mmoja alikuwa farasi mwenye mbawa. Mtume (S.A.W.) alipomuuliza farasi gani ana mbawa, Bi Aisha akamtajia farasi wa Nabii Suleiman, na Mtume akacheka. Kaka akasema hilo halimpiti. Wanazuoni wengi wamevihalalisha vya kuchezea watoto, lakini yeye anachukua tahadhari. Tena wako waliotofautisha, akasema: picha bapa ina nafuu, chenye kivuli ndicho kizito.

Hapo kwenye kivuli ndipo nilipokwama. Mtoto anayeona ana karatasi. Atachora ng'ombe wake bapa na kupita kwenye mlango ule wa nafuu. Huyu wangu, karatasi yenye picha na karatasi tupu kwake ni mamoja. Kivuli hakijui, na vyenye kivuli ndivyo pekee anavyovijua. Namkumbuka Abdullah bin Ummi Maktum, yule kipofu ambaye kwa ajili yake iliteremka sura ya 80, Abasa. Alikuja kuuliza wakati wakubwa wa Makureshi wako mbele ya Mtume, na Mola akataka muulizaji yule asikilizwe. Baadaye ndiye aliyekuwa akiadhini alfajiri Madina. Watu walimwambia kumekucha, naye akapaza sauti, na wenye macho wao wakaacha kula daku.

Nikamchukua mjukuu wangu Mji Mkongwe nimwonyeshe kwa mkono kazi za wazee. Chini ya miimo ya mlango mmoja wa zamani wamechongwa samaki, magamba yamegeuka nakshi hata mpita njia asiyeambiwa hawatambui. Nikamwekea vidole pale, nikamwambia, huyu samaki. Akapapasa juu, akapapasa chini.

"Samaki gani huyu, Babu, mkavu?"

Sikuwa na la kusema. Jikoni kwa bibi yake anashika samaki karibu kila siku: baridi, utelezi, harufu, na mwiba wa kumchoma kidole ukimzembea. Hayo yote wazee hawakuyachonga, wala mimi sikuwahi kuyawaza.

Ng'ombe alimfinyanga hata hivyo. Alitandaza donge la udongo urefu wa kiganja, akagandisha msasa juu yake kwa gundi, akalilaza kwenye kitambaa kibichi. Kaka alipokuja akalinyanyua, akaligeuzageuza. "Hiki kinoo?"

"Ng'ombe," mtoto akamjibu.

Ilibidi nieleze. Kule shamba kuna ng'ombe aliyemlamba mkono, na mkono wenyewe wote ulijaa ulimi ule wa kukwaruza kama msasa. Pembe na kwato hajapata kuzigusa. Kaka akapitisha kidole juu ya ule ulimi, taratibu, kama anayefuata mstari wa msahafu. Nilimuuliza: kwako ni kinoo, kwake ni ng'ombe, sanamu iko wapi basi, na kama kuna dhambi, iko kiganjani mwake au machoni mwetu? Akasema suala hilo atalipeleka kwa wanaojua zaidi. Hajaniletea jibu, na sidhani kama ananikwepa. Namjua, akikawia, anasoma.

Wiki iliyopita nilichonga samaki wangu wa kwanza, kwa kipande cha sabuni ya mche. Jicho sikumwekea. Tukamtia kwenye beseni la maji pale uani. Mtoto akamshika, akamponyoka, akamshika tena kwa mikono miwili, samaki akaruka mpaka chini ya mbuzi ya kukunia nazi. Tulimtafuta wote wawili kwa kupapasa, mimi miwani nimeisahau ndani.

"Huyu sasa samaki," akasema.

Mkia hana tena. Bibi yake kafulia.